Chiriku mgonjwa kwenye fida ya mvumaji: kisa kizima cha uani kwetu Louisville

Nianze na picha yenyewe manake ndo iliyoanzisha yote. Jumatano ya tarehe 23 Agosti 2023, saa moja asubuhi, mama yangu kasimama dirishani jikoni na kikombe chake cha chai, nje kwenye fida ya mbegu, kile chombo cha kulishia ndege, kuna ndege kama kumi wanagombania alizeti, mara paka wa jirani akapita chini ya fensi na wote wakaruka kwa mpigo mmoja, akabaki mmoja tu. Hakuruka. Kang'ang'ania kijiti cha fida, manyoya kayatutumua kama mwenye baridi wakati joto lishaanza kupanda, na kila baada ya muda anageuza kichwa anasugua shavu kwenye ukingo wa kile kitundu cha kutolea mbegu, anasugua, anapumzika, anasugua tena. Mama akaweka kikombe chini akaniita, "Mwanangu njoo uone, huyu ndege ana mafua."

Nikachukua darubini. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limefunga, kope nyekundu, pembeni ukoko mweupe, na chini ya jicho palikuwa na unyevu unang'aa ambao vumbi la maganda ya alizeti lilikuwa limenatia humo. Jicho la kulia lilikuwa wazi ila linapepesa mno. Alikuwa chiriku dume, wale wenye wekundu kichwani na kifuani ambao Wamarekani wanawaita House Finch, ndege ambaye ukimsikia anavyoimba asubuhi unaelewa kwa nini kwetu mtu muongeaji anaitwa chiriku. Huyu alikuwa kimya.

Nakiandika kisa hiki chote kwa sababu watu wetu wengi huku wameanza kutundika hizi fida, wazee wanaokuja kutembelea watoto wanazipenda mno, wanakaa dirishani na ndege ndo wanakuwa wenzao wa mchana. Mimi mwenyewe nilizipenda hivyohivyo, na nilikuwa naamini ukishanunua mbegu nzuri na kuchanganya sukari yako vizuri kazi imeisha. Haijaisha. Uani kwako ukishaweka chakula umekusanya ndege ambao porini wasingekaa karibu hivyo, na kitakachotokea hapo kati yao kinakuhusu.

Sisi tunakaa Louisville, Kentucky, mtaa ambao jioni ukitoka nje unasikia Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na chetu cha Bongo. Fida, kwa ambaye hajazoea neno, ni ileile ya wafugaji wa kuku wakisema fida na drinka. Tulikuwa nazo tatu. Moja bomba refu la plastiki lenye vitundu sita, tunalijaza alizeti ile nyeusi ndogondogo. Ya pili sinia la mbao juu ya nguzo, humo tunaweka mchanganyiko, wanakuja njiwa, kadinali, shomoro, kila mtu. Ya tatu ndo ya ndege wavumaji, wale ambao Wamarekani wanawaita hummingbird, chupa iliyopinduliwa yenye kitako chekundu na maua manne ya plastiki, na kuzunguka kitako kuna pete ya kijiti ili ndege akitaka atue. Mkumbuke hiyo pete. Zote tatu zilikuwa ndani ya hatua kama tano kutoka dirishani maana nilitaka mama aone vizuri, na hilo nalo ni sehemu ya kisa.

Kuhusu mvumaji niseme kidogo. Mama alipomwona mara ya kwanza mwezi wa sita alisema "si chozi huyu?" na wengi tunadhani hivyo, mdomo mrefu, rangi zinazometa, anafyonza maua. Lakini hawana undugu wa karibu. Wavumaji wana aina zaidi ya 350 na wote wako mabara ya Amerika tu, huwezi kumkuta hata mmoja porini Afrika, wakati chozi wako Afrika na Asia mpaka Australia, wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja. Angalia wanavyokunywa. Chozi kwa kawaida anatua kwenye ua au kitawi ndo anainama anakunywa. Mvumaji anasimama hewani, mabawa yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, na ule uvumi unaousikia ukiwa umekaa barazani ni mabawa hayo. Huku kwetu mashariki ya Marekani anayezaa ni wa aina moja tu, yule mwenye koo jekundu kwa dume, uzito wake kama gramu 3, yaani sarafu ya senti moja ya Marekani yenye gramu 2.5 inakaribia kumfikia. Hilo koo nalo si rangi ya kupakwa, ni namna manyoya yanavyorudisha mwanga, akigeuka kidogo linakuwa jeusi tii, akikugeukia jua likampata linawaka kama kaa.

Kiangazi kile tulikuwa na dume mmoja mkorofi aliyeikalia fida ile kama ya baba yake, anakaa juu ya waya anafukuza kila anayekuja. Katikati ya Agosti akapotea, mama akasikitika akidhani kafa. Hajafa, madume huondoka mapema kuelekea kusini, halafu majike na watoto wa mwaka ule wanafuata mpaka mwishoni mwa Septemba na Oktoba mwanzoni. Kwa hiyo siku tulipomwona yule chiriku mgonjwa ilikuwa ni wakati uleule ambao majike na vijana wa mvumaji wanapita kwa wingi wakijinenepesha. Ugumu wa kisa hiki uko hapo, mgonjwa na msafiri wamekutana uani siku moja.

Kwanza tulitaka kujua ni ugonjwa gani. Mwaka 2021 hapa Louisville tuliambiwa tushushe fida zote, kulikuwa na ugonjwa wa ajabu ulioanzia kuonekana Washington D.C., Maryland, Virginia na West Virginia ukaripotiwa hadi Kentucky, Ohio na Indiana, ndege wanavimba macho na kuota ukoko, wengine wanayumba kama wamelewa, na chanzo chake hakikupatikana. Moyo ulinilipuka nikidhani umerudi. Lakini ule uliwapiga sana ndege wachanga, blue jay, robin, kwezi wa Ulaya, na huyu wetu alikuwa chiriku mzima aliyekomaa, hayumbi, anakula. Nikafikiria ndui ya ndege, ile inaota vinundu kama sugu kwenye kope na mdomo na miguu, huyu hakuwa na kinundu hata kimoja. Kugonga kioo? Ndege aliyegonga kioo anaduwaa ndiyo, ila jicho halitoi ukoko. Na kesho yake asubuhi nikaona chiriku jike kwenye fida ya jirani, macho yote mawili yanatoa maji. Wawili, wote chiriku, wote macho. Hapo jibu likawa karibu na lile la mama.

Manake ugonjwa huu wa macho wa chiriku unasababishwa na bakteria anayeitwa Mycoplasma gallisepticum, na huyo asili yake ni wa kuku na bata mzinga. Ndo huyohuyo anayeleta ule ugonjwa wa kifua usioisha ambao wafugaji wengi kwetu wanauita mafua sugu. Mama kafuga kuku Morogoro zaidi ya miaka 30, hajasoma bakteria yeyote, kaangalia jicho moja kwa mbali kupitia kioo na kasema mafua. Nilipomsomea akaitikia tu "ehee" kama mtu aliyeambiwa kwamba leo ni Jumatano.

Ulionekana kwa chiriku mara ya kwanza mwanzoni mwa 1994, maeneo ya jirani na Washington D.C., na ndani ya miaka michache ukawa umeenea mashariki yote. Kuna sababu inayotajwa ya kuenea vile, na mimi iliniuma. Chiriku hawa si wa upande huu, kwao ni magharibi. Mwaka 1940 wauza ndege wa New York walikuwa wanawauza kwenye vizimba, biashara hiyo ilikuwa ni kinyume cha sheria, wakaogopa kukamatwa wakawafungulia Long Island. Chiriku wote wa mashariki wanatokana na wale wachache, damu zao ziko karibukaribu mno, na ukoo wa namna hiyo ugonjwa mpya ukiingia hauna pa kugota. Kwa hiyo binadamu aliwaleta huku, na binadamu huyohuyo ndo anawakusanya kwenye bomba la plastiki asubuhi na jioni.

Na bomba lenyewe lilivyo, ukiliangalia kwa makini unaona shida. Chiriku anaingiza kichwa kwenye kitundu kuchukua mbegu, jicho linagusa ukingo, majimaji yanabaki pale, anayefuata anaingiza kichwa palepale. Mgonjwa naye haoni vizuri, hawezi kuhangaika kutafuta, anabaki pale ambapo chakula ni cha uhakika, saa nzima hatoki. Tukimwona tunasema ona huyu alivyotuzoea, haogopi. Nilikuwa na picha yake kwenye simu ya siku nne kabla, kumbe nilishampiga picha nikiwa nimefurahi kwamba kakaa akatulia vizuri. Nikiikuza ile picha jicho tayari limeanza kuvimba.

Siku ileile tulishusha fida mbili za mbegu. Ndani ya bomba, pale chini kabisa ambapo mkono haufiki, nilikuta mbegu zimelowana na mvua ya wiki iliyopita zimeshikana kama ugali uliolala, zina ukungu. Na mimi nilikuwa naongezea mbegu juu tu kila siku, mbichi juu ya mbovu. Hilo silifichi. Tukaosha kwa maji ya moto na sabuni na brashi, halafu tukaloweka kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, dakika kumi, tukasuuza mpaka harufu ikaisha, tukaanika juani zikakauka kabisa. Lile sinia la mbao tukalitupa, ubao unanyonya, hauoshi ukaisha. Chini tukafagia maganda yote na mbegu zilizomwagika, maana hata ukishusha fida wagonjwa wanaendelea kuokota chini. Ugonjwa huu wa macho haumpati mtu, ila kinyesi cha ndege kina mambo mengine kama salmonela, kwa hiyo glavu na kunawa ni lazima, na kama unafuga kuku usitoke kushika fida ukaingia bandani na mikono hiyo na viatu hivyohivyo.

Jirani yetu ni bibi mmoja mzee, ana fida tano, ndege ndo maisha yake. Nilienda kumwambia na mama akaja nami. Kwanza hakukubali, alisema akishusha ndege wake watakufa njaa, na ukiangalia uso wake unaona hasemi kwa ubishi, anaumia kweli. Nikawa natafsiri huku na huku. Mama akasema, "Mwambie dada, hivi kuku wakianza kuumwa utaendelea kuwawekea pumba kwenye bakuli lilelile kwa sababu unawaonea huruma?" Nikatafsiri. Bibi akakaa kimya, akaangalia uani kwake, akasema basi mnisaidie kuzitoa zilizo juu. Agosti huku porini kuna mbegu za majani, wadudu, matunda, ndege wa uani wanatumia fida kama nyongeza tu. Ingekuwa ni Januari na theluji imelala kidogo ningesita zaidi, ila bado ningeshusha.

Sasa ikabaki fida ya wavumaji. Kijana wangu wa miaka 11 alishika msimamo akaniambia, "Mama, hao wanaenda safari, tukiwaondolea watafia baharini." Hakuwa anaongea ovyo. Wavumaji wengi wa huku wanaenda mpaka Meksiko na Amerika ya Kati, na baadhi yao wanaikata Ghuba ya Meksiko moja kwa moja, karibu kilomita 800 bila pa kutua, na kabla ya hapo wanajinenepesha mpaka uzito unakaribia mara mbili. Ndege wa gramu 3 anakuwa wa gramu 5 au 6, yote ni mafuta ya njiani. Lakini ni kweli pia kwamba hawategemei chupa yangu. Kuna maua ya porini, na wanakula wadudu wadogo na buibui, protini yao iko huko, sukari peke yake haijengi mwili. Kwa hiyo hoja ya kwamba watakufa haikuwa na nguvu. Niliiacha fida yao kwa sababu nyingine, nilijiambia chiriku anakula mbegu, mvumaji anakunywa sukari, hawa hawakutani.

Nilikosea. Jumamosi tarehe 26, saa kumi jioni, joto nyuzi 33 hivi, yule chiriku mwenye jicho bovu alikuwa amekaa kwenye pete ya fida ya wavumaji. Kainamisha kichwa, mdomo kauingiza kwenye ua la plastiki, anakunywa. Shavu lile lile linagusa lile ua. Mvumaji jike alikuja akasimama hewani mbele yake, akasogea, akarudi, akazunguka akanywa ua la upande wa pili, akaondoka. Nilikuwa nimesimama na bakuli la mchele mkononi nikaliacha likamwagika.

Kumbe chiriku hawa wanapenda maji ya sukari, jambo linalojulikana sana kwa wenye fida, na sisi kwa kushusha mbegu ndo tulikuwa tumemsukuma aje hapo. Ugonjwa huu unajulikana zaidi kwa chiriku na ndugu zake kama yule mdogo wa manjano, kwa hiyo woga wangu mkubwa haukuwa kwamba mvumaji atavimba macho kesho. Woga ulikuwa ni chiriku wengine wanne watano waliokuwa wanamfuata, maana mlango tuliufunga mbele tukauacha wazi nyuma.

Tulikuwa na njia tatu mezani. Kushusha fida hiyo nayo, ambayo ni salama kuliko zote na kama huna muda wa kuhangaika ndo ufanye. Kuiacha na kuosha mara nyingi, ambayo haitoshi, maana unaosha asubuhi na mgonjwa anakuja saa mbili. Ya tatu ilitoka kwa mama, na hakuisema kwa utaalamu wowote, alisema tu, "Yule mdogo si anakunywa akiwa anaruka? Na huyu mgonjwa si lazima akae? Ondoa kiti."

Ondoa kiti. Tukaishusha fida, tukaimwaga, tukaiosha kwa jiki kama zile nyingine, tukaichomoa ile pete, kwa bahati ya kwetu inatoka kwa kuipinda kidogo, tukaweka maji mapya tukairudisha kwenye ndoano. Tukakaa wote jikoni, taa imezimwa ili tusionekane, kijana ana saa mkononi. Dakika ya kumi na moja jike akaja. Akasimama mbele ya fida mwili wima, mkia unapepea taratibu kumshika sawa, akazunguka kitako kizima kama anatafuta kitu kilichokuwepo, halafu akaingiza mdomo na ndani ya chupa kikapanda kiputo kimoja cha hewa, polepole mpaka juu. Halafu kingine. Kijana akasema kwa kunong'ona, amekunywa.

Chiriku walikuja kesho yake. Mmoja alitua juu ya ndoano akajaribu kushuka kichwa chini kwenye chupa akateleza, mwingine akajaribu kushika ukingo wa kitako, ni laini, miguu haikamati. Mpaka Jumatatu walikuwa wameacha. Niseme wazi kwamba njia hii inategemea fida yako ilivyo. Zile za sahani pana zina ukingo ambao chiriku anaukalia vizuri tu, zingine kijiti kimeunganishwa humohumo hakitoki, kwa hizo usijidanganye, shusha. Na mvumaji naye anapenda kukaa akipewa nafasi, kukaa kunampunguzia kazi, kwa hiyo pete si kitu kibaya siku za kawaida. Tuliitoa kwa sababu ya mgonjwa.

Maji yenyewe ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, basi, maua wanayoyapenda yana utamu unaokaribia huo. Rangi nyekundu haihitajiki kabisa, wekundu wa fida unatosha kuwaita. Sukari guru na sukari ya kahawia hapana, zina madini ya chuma mengi kwao. Asali hapana, ikichanganywa na maji inachacha haraka na kuota ukungu, na najua hili linatukera sisi tunaoamini asali ni dawa ya kila kitu, mama alinibishia siku mbili. Kwenye joto lile la nyuzi zaidi ya 32 tunabadilisha kila baada ya siku mbili, na tukiona maji yamekuwa kama mawingu au kuna nyuzi nyeusi ndani ya ua tunamwaga hata kama ni ya jana. Mengine yanakaa kwenye friji wiki moja. Sisimizi tuliwamaliza kwa kikombe kidogo cha maji kinachoning'inia juu ya fida, hawawezi kuogelea kushuka. Nyigu ni habari nyingine, tunaisogeza tu fida mita chache wanapotea siku moja mbili.

Yule dume mwenye jicho sijui niseme nini. Jumatatu 28 nilimkuta chini ya kichaka cha maua cha jirani, sasa macho yote mawili yamefunga, anasikiliza tu, akisikia hatua anaruka hovyo anagonga matawi. Wako wanaopona, wengi wanakufa kwa njaa au kwa paka kwa sababu hawaoni. Kuna watu waliamua kuweka dawa za kuku kwenye maji ya ndege, hapana, hujui nani anakunywa na kiasi gani, unafuga bakteria sugu tu. Na kumchukua ukamfuga ndani mwenyewe huruhusiwi, ndege wengi wa porini wa huku, chiriku akiwemo, wanalindwa na sheria ya mwaka 1918 ya ndege wanaohama, wanaoruhusiwa kuwatibu ni wenye leseni. Nilipiga simu kwa mmoja wao, akaniambia nikiweza nimkamate kwa taulo jepesi nimuweke kwenye boksi la karatasi gumu lenye matundu, gizani, bila chakula wala maji, nimpelekee. Nilijaribu mara tatu jioni ile nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Mara ya tatu nilihisi mabawa yake kupitia taulo, mepesi, moto, akachoropoka akaingia ndani ya uzio wa miba. Hatukumwona tena. Bado namfikiria.

Mpango ulikuwa kusubiri wiki mbili tangu mgonjwa wa mwisho aonekane ndo turudishe mbegu. Tarehe 6 Septemba bibi jirani akaona mwingine kwenye kichaka kilekile, tukaanza kuhesabu upya, na yeye ndo alikuwa mkali kuliko sisi, kila asubuhi anapita fensini ananipa ripoti. Tarehe 20 tulirudisha bomba moja tu, mbali na fida ya wavumaji, upande wa pili wa uani, na tunaweka mbegu za siku moja, zikiisha zimeisha mpaka kesho. Kuosha ni kila Jumapili ya pili, kukiwa na unyevunyevu kila wiki. Waliokuja wa kwanza ni kadinali, dume na jike, huyo mwekundu ndo ndege wa jimbo la Kentucky tangu 1926, dume alichukua mbegu akaimenya akampa jike mdomoni. Mama alikuwa ameshika darubini na hakuwa anaangalia mapenzi yao, alikuwa anakagua macho.

Kosa letu lingine naliona sasa, zile fida tatu zilikuwa zimebanana kwa ajili ya dirisha. Nilipanga kwa ajili ya macho yetu. Zikiwa mbalimbali ndege wanasambaa, msongamano unapungua, hata ukorofi wa yule mvumaji dume ungepungua maana hawezi kulinda sehemu mbili asizoziona kwa pamoja. Mwaka uliofuata tuliweka fida ya pili ya wavumaji upande wa mlango wa mbele, na vita ikapoa kweli.

Wavumaji waliongezeka mpaka wiki ya kwanza ya Septemba, siku moja tulihesabu watano kwa wakati mmoja, halafu wakaanza kupungua. Kuna watu hushusha fida mapema wakidhani wanawachelewesha safari. Kinachowaondoa ni siku kuwa fupi, wala si chupa kuwa tupu, kwa hiyo sisi tuliiacha mpaka mwisho wa Oktoba, maana mara mojamoja anapita aliyechelewa, au hata aina ya magharibi aliyepotea njia. Wa mwisho wetu alikuwa Jumatano tarehe 4 Oktoba, kijana mnene, tumbo la mviringo mpaka shingo haionekani, alikunywa asubuhi mara nne akakaa muda kwenye waya wa nguo akinyoosha bawa moja moja. Mchana hakuwepo.

Mama aliondoka wiki iliyofuata kurudi Morogoro. Asubuhi ya safari alitoka uani na kanga yake begani, akalishika lile bomba akalipiga tochi ya simu kwa chini pale ambapo mbegu huwa zinalowana, akachomoa mbili zilizokuwa zimebakia kwa ncha ya pini ya nywele, ndo akaingia kwenye gari.